Gawio Lifike Hadi Wasso

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Machi hadi wa Juni, magazeti hujaa matangazo ya makampuni yanayotoa hesabu zao na kuwaita wanahisa katika mikutano mikuu ya mwaka. Matangazo hayo huandikwa kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa Kiingereza, na msomaji wa kawaida huyapita upesi akielekea kurasa za michezo. Lakini chini ya mlolongo ule wa tarakimu upo mstari mmoja ambao unamhusu moja kwa moja mwananchi aliyetoa akiba yake: gawio kwa kila hisa. Ni mstari huo tunaotaka kuujadili leo, na hasa kwa upande wa makampuni madogo ya umma, ambayo wanahisa wake wengi ni walimu, wakulima, wafugaji, wavuvi na watumishi waliostaafu.

Tumeuchagua mji wa Wasso, katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, uwe kipimo cha mazungumzo yetu. Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia huenda wakashangaa kwa nini tuwapeleke mbali hivyo na bahari. Jibu ni kwamba mwananchi wa Wasso na mwananchi wa kisiwani wanafanana kwa jambo moja kubwa: wote wawili wako mbali na Dar es Salaam, mahali ambapo hisa huuzwa, daftari la wanahisa hutunzwa na wakurugenzi hukutana. Kutoka Mto wa Mbu hadi Loliondo ni mwendo wa kilomita zaidi ya 200, kupitia Engaruka na Ngaresero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Kipande cha kilomita 49 kati ya Waso na Sale kilipowekwa lami, wasafiri walishukuru. Lakini hakuna lami iwezayo kuileta meza ya wakurugenzi karibu na mnada wa ng'ombe. Sera ya gawio ikiwa wazi kiasi cha kueleweka Wasso, itaeleweka Wete na Kilindoni pia.

Kwanza tukubaliane juu ya maana. Gawio si mshahara, wala si riba. Anayekopesha kwa riba hudai chake hata biashara ikianguka. Na ndiyo maana wengi wa ndugu zetu visiwani, kwa sababu za dini, huikwepa riba lakini hawana shaka na faida ya biashara halali iliyogawanywa baina ya washirika. Mwenye hisa ni mshirika. Faida ikipatikana, ana fungu lake. Isipopatikana, hana wa kumdai. Hata inapopatikana, hawezi kwenda dirishani siku ya pili yake akaomba chake. Wakurugenzi hupendekeza kiasi cha kugawa, na mkutano mkuu wa wanahisa hukubali au hukataa. Hadi hapo, gawio la mwisho wa mwaka ni pendekezo tu. Tena kampuni huweka tarehe ya kufunga daftari: aliyemo ndani ya daftari siku hiyo ndiye anayelipwa, na anayenunua baada yake husubiri mwaka mwingine.

Mambo haya si mageni kwa watu wetu kama inavyodhaniwa. Mvuvi wa ngalawa anayajua vizuri kabisa. Chombo kinaporudi pwani, mapato hugawanywa kwa mafungu: lipo fungu la chombo, lipo fungu la nyavu, na yapo mafungu ya mabaharia. Fungu la chombo si uroho wa mwenye ngalawa. Ndilo linalonunua mbao, misumari na tanga pale chombo kinapochakaa. Mabaharia hulikubali kwa sababu mgawanyo huo ulijulikana kabla ya kushua, si baada ya samaki kuonekana. Na kule bara, katika vijiji vya Wabatemi vya Samunge na Digodigo, kusini ya Wasso, ambako watu wamelima kwa mifereji tangu zama za mababu, wazee ndio wanaosimamia zamu za maji, na kila mwenye haki anajua zamu yake. Mfugaji naye hamkamui ng'ombe hadi tone la mwisho. Humwachia ndama fungu lake, maana akimnyima ndama, mwakani hatakuwa na mtamba.

Sera ya gawio ni hiyo hiyo, imeandikwa tu kwenye karatasi. Ni tamko la kampuni, kabla ya faida kupatikana, kwamba kiasi gani kitakwenda kwa wenye mali na kiasi gani kitabaki kutengeneza chombo. Shauri letu ni kwamba tamko hilo liwe la fungu, lisiwe la kiasi. Litolewe mapema, na liwe rahisi kupimwa na mtu yeyote mwenye kalamu na gazeti.

Tuangalie historia. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilitungwa mwaka 1994, na Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara Aprili 1998. Kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa ya gesi, Tanzania Oxygen, ambayo sasa tunaiita TOL. Ilikuwa kampuni ndogo, na walionunua hisa zake kwa matumaini ya gawio la haraka walijifunza somo chungu: kampuni yenye mzigo wa hasara za nyuma haina cha kugawa, hata ikiwa mitungi yake inauzwa kila siku. Miezi michache baadaye ikafuata Kampuni ya Bia, iliyokuwa na faida tele, na watu wakaona kwamba katika soko moja anaweza kuwamo ng'ombe wa maziwa na ng'ombe mkavu.

Lakini kisa kinachotufaa zaidi ni cha Kampuni ya Taifa ya Uwekezaji, maarufu kwa jina la NICOL. Hii iliundwa mwaka 2001 kwa nia ambayo hakuna mzalendo angeweza kuipinga. Mashirika ya umma yalikuwa yakibinafsishwa, na ilionekana wazi kwamba mwananchi mmoja mmoja, mwenye laki moja au mbili, hawezi kushindana na wageni wenye mamilioni ya dola. Basi wananchi wachange, wanunue kwa pamoja. Mwaka 2005 Serikali ilipouza asilimia 49 ya benki ya NMB kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi, NICOL ilikuwamo katika kundi hilo, ikapata asilimia 6.6. Benki yenyewe ni mtoto wa ile Benki ya Taifa ya Biashara iliyozaliwa na utaifishaji wa mwaka 1967, ikagawanywa mwaka 1997. Kwa hiyo mali ambayo zamani ilikuwa ya wote kwa jina, sehemu yake ndogo ikawa ya wananchi kwa hati.

Julai 2008 NICOL ikaorodheshwa katika soko la hisa. Miaka mitatu haikupita vizuri. Mwaka 2011 iliondolewa sokoni, baada ya kushindwa kutimiza masharti ya kutoa hesabu na taarifa zake kwa wanahisa na kwa Mamlaka. Haikurudi hadi mwaka 2018. Tunaomba msomaji atulie hapa kidogo. Kwa miaka saba, mwananchi aliyetoa akiba yake hakuwa na soko la kuuzia hisa zake kwa bei iliyo wazi. Mali ilikuwapo, ile benki haikuondoka, wala haikuacha kupata faida. Kilichokosekana ni hesabu kumfikia mwenye mali kwa wakati. Mwanahisa wa Dar es Salaam angeweza angalau kupanda basi akaenda kuuliza ofisini. Wa Wasso angeuliza wapi? Wa Micheweni je?

Tunakitaja kisa hiki kwa sababu wengi hudhani sera ya gawio huanza na faida. Huanza na hesabu zilizokaguliwa na kutangazwa kwa wakati. Kampuni inayochelewesha hesabu haiwezi kuwa na sera ya gawio, hata kama imeiandika kwa wino wa dhahabu, maana hakuna awezaye kujua fungu ni la nini.

NICOL iliporudi sokoni na kuanza tena kulipa, gawio lake lilikuwa na tabia ambayo wanahisa wake wanapaswa kuielewa. Kampuni hii haichimbi, haifumi, haisagi. Mapato yake makubwa ni magawio inayopokea kutoka mahali ilikowekeza, na hasa NMB. Ni gawio juu ya gawio. Kwa hiyo anayetaka kujua NICOL italipa nini hana budi kutazama kwanza benki ile imelipa nini, kama mkulima wa bondeni anavyoitazama mvua ya mlimani.

Na hapo ndipo tunapokuta mfano mzuri. Kwa miaka kadhaa NMB imekuwa ikigawa karibu theluthi moja ya faida yake baada ya kodi, na theluthi mbili kubaki ndani. Tufuate namba. Kwa hesabu za mwaka 2016 ililipa Sh 104 kwa hisa. Mwaka 2017 faida ilianguka vibaya, kutoka zaidi ya Sh bilioni 150 hadi kama Sh bilioni 93, mikopo mingi ilipokuwa hailipiki. Gawio likateremka hadi Sh 64. Mwaka 2018 likawa Sh 66, mwaka 2019 Sh 96, na mwaka 2020, mwaka wa ugonjwa wa korona, Sh 137. Kisha likapanda kwa kasi: Sh 286.10 kwa mwaka 2022, Sh 361.20 kwa mwaka 2023, na Sh 428.85 kwa mwaka 2024.

Wapo watakaozitazama namba za mwisho na kufurahi. Sisi tunaitazama zaidi ile ya 2017. Mwaka huo gawio lilipungua kwa zaidi ya theluthi, na bila shaka wapo wanahisa waliolalamika. Lakini fungu halikubadilika. Benki haikukopa ili iwapendeze wanahisa, wala haikujificha nyuma ya mwaka mbaya ikawanyima kabisa. Mwenye kalamu aliweza kuchukua faida iliyotangazwa, akaigawa kwa tatu, akaigawa tena kwa hisa milioni 500, akapata jibu karibu sawa na la wakurugenzi. Hicho ndicho tunachokiita sera. Ahadi ya kiasi, kwa mfano kwamba kila mwaka tutalipa Sh 100 liwalo na liwe, huonekana tamu zaidi, lakini mwaka wa ukame hulipwa kwa nyama ya ndama.

Mtu aliyenunua hisa 1,000 za benki hiyo mwaka 2008, Serikali ilipouza sehemu ya hisa zake kwa wananchi kwa bei ya Sh 600, alitoa Sh 600,000. Kwa mwaka 2017 alipata Sh 64,000 kabla ya kodi. Kwa mwaka 2024 amepata Sh 428,850. Kodi ya zuio kwa makampuni yaliyoorodheshwa katika soko la Dar es Salaam ni asilimia 5, nusu ya ile ya makampuni mengine, kwa hiyo mkononi amebakiwa na Sh 407,000 na ushei. Kwa mfugaji wa Wasso hiyo ni fedha ya chanjo, ya karo, au ya kupita kiangazi bila kuuza mtamba kwa bei ya kutupa. Kwa tajiri wa mjini ni fedha ya mafuta ya gari. Ndiyo maana tunasema uwazi wa sera una uzito mkubwa zaidi kwa mdogo kuliko kwa mkubwa: mkubwa ana mshauri wake wa kumwambia mapema, mdogo ana gazeti tu.

Sasa tugeukie viongozi na watendaji wa Serikali, ambao nao ni wanahisa, tena wakubwa. Katika benki hiyo Serikali inashika asilimia 31.8, na kwa mwaka 2024 ilipata zaidi ya Sh bilioni 68. Tumeona picha za hundi za mfano, ndefu kama mlango, zikikabidhiwa mbele ya wapiga picha. Hatuna ubishi na sherehe hizo. Tunakumbusha tu kwamba kwa hisa moja moja, Hazina na bibi kizee wa Wasso hulipwa sawasawa, Sh 428.85, na kwamba usawa huo ni wa kulindwa.

Tunasema hivyo kwa sababu juhudi za kukusanya magawio zimeongezeka sana. Novemba 2019, Ikulu ya Chamwino, Rais John Magufuli alipokea magawio na michango ya zaidi ya Sh trilioni 1, akatoa siku 60 kwa mashirika yaliyokuwa hayajatoa. Juni 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alipokea Sh bilioni 637, na Juni 2025 kiasi hicho kikapanda hadi Sh trilioni 1.028. Ni jambo la kujivunia kwamba mali ya umma inazaa. Hata hivyo hatuna budi kutofautisha mambo mawili ambayo katika hotuba huchanganywa. Gawio hutoka katika faida. Mchango wa asilimia 15 ambao taasisi kadhaa huutoa kwa mujibu wa sheria hutoka katika mapato ghafi, yaani kabla hata ya kujua kama kuna faida. Cha kwanza ni maziwa. Cha pili, katika mwaka mbaya, chaweza kuwa damu. Si kosa la sheria, ambayo ina sababu zake, lakini mtendaji anayepeleka shinikizo la namna ya pili kwa kampuni ya namna ya kwanza huwaumiza wanahisa wadogo walio pembeni ya Serikali, kwa kuwa fungu la chombo ndilo litakalopunguzwa ili hundi iwe nene.

Na kinyume chake nacho ni kweli. Yapo makampuni yenye mwenye hisa mkubwa mmoja ambaye hahitaji gawio, kwa kuwa anapata chake kwa njia nyingine: ada za uendeshaji, malipo ya nembo, mikopo baina ya ndugu. Huyo akisema mwaka baada ya mwaka kwamba faida ibaki ndani kwa ajili ya upanuzi, mwanahisa mdogo hana nguvu ya kura ya kumpinga. Kinga yake ni kwamba kampuni ilazimike kueleza, kwa Kiswahili na kwa namba, faida iliyobaki imefanya nini. Kama imejenga ghala, ghala lionekane. Tungependa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilifanye hilo kuwa sharti la tangazo la mwaka, pamoja na jedwali fupi la miaka 5: faida kwa hisa, gawio kwa hisa, na fungu lililogawiwa. Mistari mitatu tu.

Limebaki suala la njia, yaani gawio linamfikiaje mwenyewe. Zamani lilikuja kwa hundi ya karatasi kupitia posta, na hundi nyingi zililala katika masanduku ya watu waliohama au kufariki. Kenya, mwaka 2008, Safaricom ilipouza hisa kwa mamia ya maelfu ya wananchi kwa bei ya Sh 5 za huko, gawio la kwanza lilikuwa senti 10 kwa hisa, na kwa mwenye hisa chache gharama ya kulifuata ilikuwa kubwa kuliko lenyewe. Baadaye likaanza kulipwa kwa M-Pesa, na Kenya ikatunga sheria ya mali za kifedha zisizodaiwa mwaka 2011. Kwetu, simu imefika Wasso kabla ya lami, na imefika Kojani pia. Hakuna sababu ya kampuni yoyote iliyoorodheshwa kukosa kulipa kwa njia hiyo mwanahisa aliyeomba. Mikutano mikuu nayo, tangu mwaka 2020, imeanza kufanyika kwa mtandao, na hilo limewapa watu wa mbali kiti ambacho hawakuwa nacho. Bado lugha ya vitabu vya mkutano inawafungia mlango nusu.

Pana tatizo ambalo simu haiwezi kulitatua, nalo ni mauti. Mwanahisa akifa, gawio husimama hadi mirathi ifunguliwe. Bara, familia huenda Mahakama ya Mwanzo kupata msimamizi wa mirathi. Zanzibar, kwa Waislamu, shauri huenda kwa Kadhi. Kisha hati hupelekwa kwa wanaotunza daftari la wanahisa, nao hutaka cheti cha kifo, vitambulisho na namba ya akaunti ya hisa ya marehemu, namba ambayo mara nyingi marehemu alikuwa akiijua peke yake. Tunawasihi wanahisa wote, wa nyanda na wa visiwa, waiandike namba hiyo mahali ambapo mke, mume au watoto wataiona, wahakikishe kwamba jina lililo katika daftari linafanana herufi kwa herufi na lile la kitambulisho cha taifa, na waipeleke namba mpya ya simu kwa wakala wao kila wanapoibadilisha. Maofisa wa maendeleo ya jamii katika halmashauri, ya Ngorongoro na nyinginezo, wanaweza kulisimamia jambo hili siku za mnada bila kuongezewa hata shilingi moja ya bajeti. Daftari nyingi za makampuni hufungwa kati ya Mei na Juni, na anayetaka gawio la mwaka huu limfikie na arekebishe taarifa zake kabla ya hapo.